Togwa Iliyoshika Chini

Ibra,
Ijumaa, baada ya sala.

Kwa mama yangu, Bi Mwanaasha, Kikwajuni.

Mama, shikamoo. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na moja ya ile siku ya simu, maana kadi ya simu ilikwisha bado naulizia goti lako, na hukupata hata nafasi ya kuniitikia marahaba. Goti linaendeleaje? Na presha? Na yule kuku mweupe aliyegoma kutaga, keshachinjwa au bado anaombewa muda? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila nimechoka. Si kuchoka kwa maradhi. Ni kule kuchoka kwa mtu anayeamka asubuhi akakaa ukingoni mwa kitanda, yeye na mwili wake wanatizamana nani atangulie kusimama.

Rukia, wewe unayemsomea mama, soma taratibu, usiruke mistari kama ulivyofanya mara iliyopita. Nilijua, kwa sababu majibu yalikuja nusu. Na ukifika mahali nitakapokwambia usicheke, usicheke.

Joto la huku Omani mwezi huu halina adabu. Saa tatu za asubuhi mlango wa gari haushikiki bila kitambaa. Watu huniambia, "Hemedi, wewe fundi mafriji, joto utalionea wapi?" Mama, friji hutoa baridi mbele na joto nyuma, na fundi hukaa nyuma. Miaka kumi na moja sasa nakaa nyuma. Kila mtu Ibra anakunywa maji baridi, na mimi ndiye ninayeyajua kwa kuyasikia.

Lakini si joto lililonikalisha niandike. Ni mdogo wako, Bi Zuwena.

Aliteleza bafuni mwezi uliopita. Kwenye simu sikukwambia kwa kuogopa presha yako. Mfupa haukuvunjika, daktari kautizama na kuutizama tena. Ila tangu aliporudishwa nyumbani kwa mwanawe Nassor alikataa kula. Raya, mkewe Nassor, kapika kila kinachopikika: supu ya mbuzi, harisi, mchuzi wa changu, uji wa ngano wenye samli mpaka kijiko kinateleza. Bi Zuwena anafunga mdomo, tena kwa heshima zote. "Nimeshiba, mwanangu." Ameshiba nini, hakuna ajuaye. Bangili yake ile ya fedha, uliyompa wewe alipoolewa akaja huku, ilikuwa inamkaa kwenye kifundo cha mkono. Sasa akiinua mkono kujifuta uso, inateremka mpaka kwenye kiwiko.

Siku moja Nassor kaja dukani kwangu mwenyewe, na dishdasha lake la ofisini, kanzu ya huku, akasimama katikati ya makompresa kama mtu aliyepotea njia.

"Hemedi, wewe umekuja juzi tu kutoka kwetu."

Miaka kumi na moja kwake ni juzi. Na Nassor huko "kwetu" hajapata kukukanyaga, kazaliwa hapahapa, lakini hulitamka neno hilo kama mtu aliyesahau mwavuli wake huko.

"Mama anataka togwa," akasema. "Kasema hatokula kitu ila togwa ya kwetu. Wewe unajua kuitengeneza?"

Mama, ukiulizwa kama unajua, na anayekuuliza ndiye aliyekuandikia viza, basi unajua.

Nikajiambia, togwa ni nini? Ni uji na kimea. Unga wa mahindi upo. Kimea, nikakumbuka kwamba nimekiona duka la dawa, kwenye kopo, kizito cheusi kama asali ya miwa, wanachopewa watoto wasionenepa. Kwa nini nijitie tabu ya kuotesha nafaka wakati kuna mtu keshaotesha, keshakamua na keshatia koponi? Kopo lilikuwa na picha ya mtoto anacheka. Maandishi madogo sikuyasoma. Nikapika uji, ukapoa, nikatia vijiko vinne, nikakoroga, ukapata rangi nzuri ya chai ya maziwa. Nikampelekea.

Akanusa. "Nani kaniletea uji wa papa?"

Maandishi madogo, Mama, yalisema kimea kimechanganywa na mafuta ya samaki, kwa ajili ya mifupa. Shaima, binti yake Nassor wa shule ya msingi, akaonja na yeye akasema, "Ammi, hii dawa inanuka bahari." Wiki nzima nyumba ile wakiniona wananiuliza kama leo nimevua.

Nikaona hakuna njia ya mkato. Nilipokwenda Nizwa kutengeneza friji ya duka la halwa, nikapita kwa Mhindi mmoja sokoni anayewauzia wenziwe ulezi. Nikamwambia nataka ambao bado una uhai wa kuota. Akaniuliza, "Shamba lako liko wapi?" Nikamwambia, sufuriani. Akanipimia kimyakimya, kama watu wanavyomnyamazia mgonjwa. Alikuwa nao kidogo, kibaba na nusu, nikauchukua wote.

Nikaurowesha, nikaufunika na gunia la majimaji chini ya meza ya kazi, na siku ya tatu ukatoa vijimkia vyeupe. Hapo nilifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Sasa kuanika. Huko kwetu unakianika kimea siku mbili tatu, na mvua ikitishia unakimbia nacho. Hapa nilikigawa nusu nikakipandisha juu ya paa la duka asubuhi, na adhuhuri kilikuwa kimekaangika. Unajua kuliko mimi, kimea kikipata moto wa namna ile hufa, na kikishakufa ile nguvu ya kuulainisha uji na kuutia utamu haipo tena. Mimi sikujua. Nikakisaga, nikakitia kwenye uji, nikangoja uwe mwepesi. Usiku kucha nimengoja. Asubuhi mwiko umesimama peke yake katikati.

Bi Zuwena akatizama gilasi, hakuinusa hata kuinusa. "Hii ya kunywa," akaniuliza, "au ya kubandikia picha?"

Nusu iliyobaki nikaianika kivulini, chini ya pangaboi, siku nne, kwa adabu. Kikatoka kimea hasa, kinanuka kama ghala. Lakini kilikuwa kidogo, na ulezi mwingine Nizwa hamna mpaka mzigo ujao. Ndipo nikapata akili ya kuchanganya. Kimea changu kidogo kiingie kikiwa hai, kifanye ile kazi ya kuulainisha uji, na utamu nitauongeza kwa kopo, safari hii kopo jingine, la watu wa mikate, lisilo samaki. Kama ofisi yoyote, Mama: mmoja anafanya kazi, wengine wanaongeza utamu.

Likabaki suala la joto. Nikakumbuka kidole chako. Ulikuwa unakitia kwenye uji, halafu unatutaja sote saba, kuanzia Kaka Saidi mpaka Rukia, na ukikitoa kabla hujafika kwa Rukia unasema bado, moto huu utaua kimea. Nikafanya hivyo. Mara ya kwanza nilifika kwa Dada Time tu, kidole kikaungua. Ya pili nilifika kwangu mwenyewe. Ya tatu nikafika kwa Rukia, na hapohapo nikachovya kipimajoto changu cha kazini, na pale wino ulipofika nikatia alama ya kalamu nyekundu. Alama hiyo inaitwa Rukia mpaka leo. Mwanafunzi wangu Mbangali huniuliza, "Rukia imefika?" akidhani ni neno la kitaalamu.

Ili joto lisitoroke nikaumimina uji wote kwenye dumu la maji baridi lenye bomba, lile watu wa huku wanalokwenda nalo mabondeni siku za mapumziko. Linalotunza baridi halijui linatunza nini. Litatunza na joto.

Mama, ilitoka togwa. Nyepesi, tamu, ina ukali kidogo mwishoni kama inakukonyeza. Nikaichuja kwa kitambaa mara mbili. Nassor alikunywa gilasi mbili akafumba macho, akasema, "Wallah, hii ndiyo ladha ya kwetu," yeye ambaye hajapata kuionja. Raya akaomba ya kumpelekea mamake kule Al Qabil. Mpaka jirani kaleta birika.

Bi Zuwena akaletewa kwenye gilasi yenye maua. Akapiga funda moja. Akajifuta mdomo na pindo la leso.

"Nzuri," akasema. "Mpeni mgeni."

Akageukia ukutani.

Wewe unajua maana yake. Kwetu mgeni hupewa kilicho safi, na wenyewe hula kilicho chao. Nilisimama na ile gilasi mkononi nisijue pa kuiweka.

Na balaa haliji peke yake. Siku ya pili yake Nassor kachukua chupa moja iliyobaki, kaifunga kifuniko barabara, kaiweka garini kwenda nayo ofisini. Unajua togwa ikilala inavyochacha na kufura, na unajua sasa gari la huku lilivyo. Kizibo kimeruka kabla hajafika kwenye mzunguko wa barabara, na togwa yote ikamwagika kwenye dishdasha jeupe. Kaingia kwenye mkutano ananuka kama mtu aliyekesha pasipo pake. Alasiri kanijia dukani.

"Hemedi, niambie kweli. Hii kitu si haramu?"

"Ya leo ni chakula," nikamwambia. "Ya kesho ni mashaka. Ya keshokutwa ni kesi."

"Basi mimi nataka ya leo tu. Inatengenezwa leo, inanywewa leo, inayobaki mnamwagia mitende."

Ndivyo nilivyopata kazi ya pili. Kila siku nikifunga duka alasiri naenda jikoni kwa Raya, natengeneza togwa changa, nzuri, ya wageni. Bi Zuwena anaonja funda moja kwa kunionea huruma. Inayobaki inanywewa na mitende. Ile mitende ya Nassor mwaka huu imestawi, Mama, ukiiona.

Mdogo wako hakustawi. Daktari kasema hali ikiendelea hivi mpaka mwisho wa wiki atarudishwa kitandani kwa maji ya mshipani, na kwa umri wake hakuahidi kitu. Nassor aliacha kuuliza maswali. Siku moja Raya alinikuta nakoroga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia bila sauti, halafu akasema, "Shemeji, mimi nimepika mpaka mikono imechoka. Kama hatokunywa ya mkono wako, hatokula ya mkono wa mtu."

Mimi nina nini mkononi, Mama? Gesi ya friji.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita niliitwa kule mji wa Jalan Bani Bu Ali, friji kubwa la mchuuzi wa samaki limekufa na samaki wamo ndani. Nimetoka alfajiri. Nimekaa nyuma ya lile friji mpaka adhuhuri, sijala kitu kwa ile harufu, nimerudi Ibra na upepo wa mchanga unanisukuma gari kama ng'ombe. Nikapita moja kwa moja jikoni kwa Raya, maana kimea kilikuwa kimebaki cha siku chache tu, na siku za daktari zilikuwa zinakwisha. Nikateleka uji. Nikakaa juu ya ile ndoo. Nikajiambia nafumba macho mpaka uanze kuchemka.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Uji umeshika chini, moshi umejaa, mwiko umejichora mstari mweusi. Nilitaka kulia. Unga mwingine ulikuwepo, lakini nguvu ya kuanza upya haikuwepo, na nikafikiri, huyu bibi ataonja funda moja kama kawaida, ataniambia mpe mgeni, nami nitamwambia Nassor nimempa. Nikaumimina kwenye dumu bila kukwangua chini. Nikangoja Rukia. Nikatia kimea, nikatia cha kopo, na baada ya Maghribi nikachuja. Rangi ilikuwa ya kijivu. Nikampelekea kwenye kikombe cha bati kwa sababu gilasi zote zilikuwa chafu.

Alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Sijafika kitandani, nikamuona ananyanyua pua.

"Mwanaasha kaja?"

Raya aligeuka akatizama mlangoni, wallah, kama kweli ungekuwa umesimama pale na buibui lako.

"Ni mimi, Mama Mdogo. Hemedi."

"Niinue kichwa," akamwambia Raya.

Akakunywa, Mama. Si funda. Alikinywa kikombe mpaka mwisho, akakitizama ndani, akakirudisha kwangu. "Hii ndiyo. Tia tena."

Nassor alikuwa amesimama mlangoni. Kaondoka haraka, kaenda kuwasha gari na kulizima, sijui kwa nini. Wanaume wa huku wakizidiwa huenda kwenye gari.

Mimi nikaona nisiwe mwongo. "Mama Mdogo, hii imeungua. Nimelala usingizi."

"Najua imeungua. Mamako togwa yake lini haikuungua?"

Rukia, hapa ndipo nilipokwambia usicheke.

Kasema, Mama, na mimi nanukuu tu, kwamba alipokuwa akiishi kwako kabla ya kuolewa, ulikuwa ukishateleka sufuria, mbio, ukutani kwa jirani yako Bi Mize. Bi Mize akiwa na habari, watu wanakunywa moshi. Bi Mize akisafiri, togwa inatoka safi na nyumba kimya. Watu wa nyumbani wakifika kutoka shamba walikuwa wanatizama weusi wa sufuria kwanza, wanajua mtaani kuna jambo au hamna. "Tena hakuna aliyemwambia," kasema. "Angeacha kwenda ukutani, habari tungezipata wapi?"

Akacheka. Cheko dogo, lililokauka, lakini lilikuwa la kwanza tangu kuteleza. Raya akaniuliza kwa Kiarabu anacheka nini, nikamwambia anaicheka sufuria.

Mimi nimekunywa togwa yako utoto wangu wote, Mama, nikidhani moshi ni kiungo, kama hiliki. Nilipomwambia Nassor najua, nilikuwa nakumbuka kidole, nakumbuka majina saba, nakumbuka kitambaa cha kuchujia. Nilikumbuka kila kitu ila kosa.

Tangu siku ile anakunywa. Na akishakunywa kikombe chake anakubali na vitu vingine, tende mbili, mkate uliorowekwa. Daktari kautizama mkono wake akasema tuendelee na hiyo dawa, akataka kujua jina lake, Nassor akajibu kwa haraka kwamba ni uji. Mzigo wa ulezi umefika Nizwa, nimenunua gunia zima, kwa hiyo kimea kipo.

Lakini tabu yangu sasa ni nyingine, na ndiyo sababu ya barua hii. Kuunguza kwa kusudi ni kugumu kuliko kupika vizuri. Nikizidisha, anaonja anaweka chini: "Leo Bi Mize kafiwa?" Anakunywa nusu. Nikipunguza, ananitizama kwa huruma: "Leo hakuna habari." Anakunywa robo. Nimepima kwa saa, nimepima kwa moto, nimeshika daftari. Ile ya Jumanne sijaipata tena ila mara moja. Kwa hiyo, Mama, tafadhali usione haya, wala usiseme hukumbuki. Mwambie Rukia aniandikie: ulikuwa unakaa ukutani muda gani, siku ya kawaida, isiyo na msiba wala harusi? Ulikuwa unaacha moto mkubwa au unaupunguza? Na uliporudi, ulikuwa unakoroga, au unauacha kama ulivyo ili wasijue? Kila siku inayopita nakisia, na mdogo wako hana nyama ya kukisiwa.

Juzi kaniuliza tena nilipoingia na kikombe. Kila nikiingia huuliza. Mwanzo nilikuwa namueleza kwamba uko Unguja, goti linakuuma, ni mbali. Kila nikimueleza, uso wake unajifunga, na kikombe kinapoa. Juzi nilikuwa nimechoka mno hata kueleza.

"Mwanaasha kaja?"

"Yupo ukutani," nikamwambia. "Anakuja."

Akajiegemeza vizuri kwenye mto, kama mtu aliyeambiwa nyumba nzima ni salama.

"Msimwite," akasema. "Mwacheni amalize."

Na akakinywa chote.

Nisalimie Kaka Saidi, mkubwa wetu, mwambie redio yake nimeipata ila inangoja mtu wa kuja huko. Dada Time na mumewe fundi cherehani, na watoto wao ambao majina nayajua na nyuso sizijui. Mjomba mwadhini, aniombee. Bi Mize, kama bado yu hai, mpe salamu za peke yake na umwambie ana mgonjwa wake Ibra anayemtegemea. Kama hayupo tena, basi pitisha mkono wako pale ukutani kwa niaba yangu.

Mimi ni mwanao wa nne, ninayefikiwa kidole kikiwa bado kinaungua,

Hemedi.

Rukia, sasa cheka. Na mama akicheka, niandikie kacheka namna gani, nikamsomee mdogo wake.